Sekunde Elfu Nne na Kumi na Tisa

Kila siku ya kazi, saa moja kasoro dakika kumi asubuhi, kabla hajavua mtandio wala kutua mkoba, fundi wa kompyuta wa ofisi ya vizazi na vifo aliwasha mashine yake, akabofya alama ndogo yenye picha ya kurunzi, kisha akaketi kusubiri. Hakusubiri kidogo. Mfagiaji alifagia, akamwomba anyanyue miguu, naye akainyanyua, akaishusha. Wenzake waliingia, wakawasengenya ambao hawajafika. Hao nao wakaingia, wakawasengenya waliowahi. Na yeye bado alikuwa pale pale, mikono mapajani, anaangalia namba zikipungua kwenye kioo. Mbele yake walimwita Dada Fundi. Nyuma ya mgongo wake walimwita Bi Sekunde. Aliyajua majina yote mawili, na kwa kweli alilipenda zaidi lile la pili.

Kilichokuwa kinamsubirisha ni programu ndogo ya mafundi, ambayo jina lake halisi lilikuwa refu na la kigeni, kwa hiyo yeye aliiita Kurunzi tu. Programu yoyote ya ofisini ina madirisha: moja la kuandikia jina, moja la kuuliza ndiyo au hapana, jingine limejificha nyuma ya mwenzake na kukwamisha kazi ya watu. Kurunzi huyamulika. Unaishika alama yake kwa kipanya, unaiburuta hadi juu ya dirisha au kitufe unachokishuku, unaachia, nayo inakumwagia habari zote: jina lake, mzazi wake, watoto wake, kama kimefichwa au kiko wazi, kama kinabonyezeka au kimefungwa. Mama mkwe anayemhoji mchumba wa mwanawe haoni ndani kwa Kurunzi. Na kitufe kikiwa kimefungwa, Kurunzi inaweza kukifungua.

Aliyeitengeneza aliigawa bure ili watu waijaribu kwa siku thelathini. Ukiipenda, umtumie malipo kidogo kwa posta, naye atakutumia namba ya siri. Usipolipa, hakunyang'anyi. Anakusubirisha tu: kila siku inayopita baada ya ile ya thelathini, dirisha la ukumbusho linakuongezea sekunde moja kabla ya kukufungulia. Mwanzoni ni sekunde moja, nani ataijali? Bi Sekunde aliijali. Alituma malipo wiki ile ile. Baada ya miezi mitano bahasha ilirudi imechakaa, imepigwa mihuri kila pembe, na juu yake mtu ameandika kwamba mpokeaji hayupo. Akatuma ya pili, ikarudi. Akatuma ya tatu, na hiyo haikurudi, lakini wala namba haikuja. Sasa ilikuwa imepita miaka kumi na moja na mwezi mmoja, na Kurunzi ilikuwa inamdai sekunde elfu nne na kumi na tisa kila inapofunguliwa, yaani saa moja na dakika saba. Kwa kuwa muda wa ofisi unaanza saa mbili na yeye hakutaka kuuibia ofisi hata dakika, kila miezi miwili alilazimika kutoka nyumbani dakika moja mapema zaidi.

"Ukikaribia kustaafu," dada yake alimwambia, "utakuwa unatoka kwenda kazini kabla hujarudi."

Huyo dada alikuwa na mengi ya kusimulia. Alisimulia jinsi mdogo wake alivyowahi kurudishiwa chenji iliyozidi na muuza mboga, akapanda basi kuvuka mji mzima kwenda kuirudisha, na nauli ikawa mara tatu ya chenji yenyewe. Alisimulia pia habari ya ndoa. Bi Sekunde hakuolewa, na mtu akimwuliza sababu alijibu kwamba foleni ilikuwa ndefu na yeye hakutaka kumpita mtu. Baba yao alikuwa fundi redio, na alimfundisha binti yake kitu kimoja kabla hajamfundisha kushika bisibisi: ukifungua redio ya mtu, mwambie ulichokikuta ndani, hata kama ni aibu yako. Aliingia ofisi ya vizazi na vifo akiwa mpiga chapa. Kompyuta zilipoletwa, wenzake wote waliziogopa, mmoja akaomba uhamisho kabisa. Yeye alisoma kitabu cha maelekezo mwanzo hadi mwisho, pamoja na kurasa za onyo, na asubuhi moja akakuta watu wanamwita fundi.

Mkuu mpya wa ofisi alipofika, wiki ya kwanza tu, alisimama nyuma ya kiti chake akaangalia zile namba kwa muda.

"Dada, mwenye programu hii yuko wapi?"

"Hajulikani, bosi. Barua zangu zimerudi."

"Basi asiyekuwepo na lake halipo. Tafuta ujanja uifungue."

"Angekuwepo ningemwomba, bosi. Hayupo, ndiyo maana namlindia."

Mkuu akaenda kuuliza kwa karani kama yule dada yuko sawasawa. Karani alimjibu kwamba yuko sawasawa kupita kiasi, na kwamba hakuna dawa.

Ujanja ulikuwepo, na kila fundi aliujua. Unairudisha tarehe ya mashine nyuma, hadi siku ile ulipoiweka Kurunzi, nayo inadhani ndiyo kwanza mmekutana na inakufungulia papo hapo. Bi Sekunde hakuwahi kuufanya. Kwake huo ulikuwa uongo, na tena uongo kwa mtu aliyekuamini bila kukuona.

Sasa mtu anaweza kuuliza, kwa nini ofisi nzima ihangaike na Kurunzi? Sababu ilikuwa kitufe kimoja. Programu ya kuandikia vizazi na vifo ilitungwa na bwana mmoja mwangalifu mno, ambaye aliweka ndani yake kitufe cha BATILISHA KIFO, kisha akaogopa watu watakichezea. Akakipausha rangi kiwe cha kijivu, kisibonyezeke, mpaka aweke yeye mwenyewe neno la siri. Neno hilo hakumwambia mtu. Mwaka uliofuata akafariki, akaandikwa humo humo ndani ya programu yake, na neno lake akaenda nalo. Makosa hayakwisha kwa sababu ya msiba wake, kwa hiyo mara mbili tatu kwa mwezi alitokea mtu mzima, anapumua, ambaye kwa mujibu wa ofisi alikuwa kaburini. Ni Kurunzi peke yake iliyoweza kukifungua kile kitufe. Na kila jioni mashine zote zilizimwa kwa amri ya mkuu, kwa hiyo kila asubuhi hesabu ilianza upya.

Siku ya mambo yenyewe Kurunzi ilikuwa wazi tangu saa mbili kasoro dakika tatu, kama kawaida. Saa nne na nusu umeme ukakatika. Uliporudi ilikuwa saa tano kasorobo. Bi Sekunde aliwasha mashine, akabofya alama yake, na namba ikaanza kushuka tangu juu kabisa, elfu nne na kumi na tisa, elfu nne na kumi na nane. Hapo hapo karani akachungulia mlangoni.

"Dada Fundi, kuna marehemu hapa anakuulizia."

"Mwambie ajifute miguu, wamepiga deki."

Aliyeingia alikuwa mwanamume wa miaka hamsini na kitu, amevaa koti la suti lililomzidi mikono, na kucha zake zilikuwa na alama za rangi ya buluu ambazo, ilionekana, zilisuguliwa asubuhi hiyo kwa nguvu zote na zikakataa. Alikuwa mpaka rangi wa majumba.

"Habari za kazi, dada."

"Nzuri, kaka. Pole na kifo."

"Ahsante, nimeshapoa," alisema mpaka rangi, akaketi ukingoni mwa kiti kama mtu anayeogopa kukichafua. Kisha akaeleza. Binti yake, mtoto wake wa pekee, alikuwa anaolewa leo, hapo hapo, ghorofa ya juu, katika chumba cha ndoa. Saa tano na nusu walipaswa kutia sahihi. Afisa wa ndoa aliandaa cheti kwenye kompyuta, na mashine ikachukua majina ya wazazi kutoka kwenye daftari la vizazi na vifo, na kando ya jina la baba ikaandika marehemu, tangu miaka miwili iliyopita. Afisa alimwangalia yeye, akaiangalia karatasi, akasema anasikitika, lakini cheti hakina mahali pa sahihi ya marehemu.

"Nikamwambia, bwana, mimi ndiye huyu. Akasema, naona, lakini mashine haikuoni."

"Na akiahirisha?"

"Saa sita anafunga daftari, anaanza likizo ya mwezi mzima. Bwana harusi kesho kutwa anasafiri kikazi." Mpaka rangi alivuta mikono ya koti, akaiachia. "Dada, mimi sitafuti mengi. Mama yake mtoto nilimzika miaka miwili iliyopita. Nikiandikwa na mimi marehemu, mwanangu anaolewa yatima, na mimi nimesimama kando nashika mkoba wake. Cheti hicho ataonyesha wanawe. Sitaki."

Hilo halikuhitaji kuelezwa mara mbili. Bi Sekunde alipiga hesabu. Namba ingefika sifuri saa sita kasoro dakika nane. Kukifungua kitufe ni dakika moja, kuandika ni mbili, kupanda ngazi ni mbili kwa mtu mwenye magoti mazima. Alimwambia hivyo hivyo, bila kuongeza wala kupunguza, na mpaka rangi akasema magoti yake ni ya mtu aliyepanda ngazi maisha yake yote.

Mkuu wa ofisi, aliyesikia kila kitu kwa sababu mlango wake haujawahi kufungika vizuri, akatokea.

"Dada, leo nakuomba, si amri. Rudisha tarehe nyuma. Ni mara moja tu, tena kwa wema."

"Nikirudisha tarehe, bosi, chochote nitakachoandika kitabeba tarehe hiyo. Kaka huyu amekufa miaka miwili iliyopita. Nitakuwa nimemfufua miaka kumi na moja iliyopita. Programu itaona kafufuka kwanza, kafa baadaye."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo atakuwa amekufa, na safari hii kwa karatasi mbili."

Mkuu alimgeukia mpaka rangi kama anayetaka kumwomba radhi kwa niaba ya hesabu. Mpaka rangi alikuwa ameinuka, anaupapasa ukuta kwa kiganja.

"Nani aliwapakia rangi ukuta huu?"

"Mkandarasi," alisema mkuu.

"Mlilipa mikono mingapi ya rangi?"

"Miwili."

"Hapa kuna mmoja, na huo wenyewe ameuchanganya na maji," alisema marehemu, na mkuu akarudi ofisini kwake kutafuta faili la mkandarasi.

Ilipofika saa tano na nusu arusi yote ilikuwa imeshuka chini. Bibi harusi aliingia wa kwanza, ameshika gauni kwa mikono miwili lisiburutike kwenye sakafu iliyopigwa deki, akaketi pembeni mwa baba yake. Bwana harusi alifuata, akauliza kama kuna namna yoyote ya kusaidia, akaambiwa akae kimya, akasema hilo analiweza. Wakaja mashahidi wawili na shangazi mmoja wa upande wa bwana harusi, mwenye sauti. Walisimama nyuma ya kiti cha Bi Sekunde wakiangalia namba. Haikuwa imewahi kutokea kwamba watu wengi hivyo walikitazama kile kidirisha cha ukumbusho, ambacho kilikuwa kinasema kwa heshima kwamba muda wa majaribio umekwisha na kwamba mtengenezaji anategemea uungwana wako.

"Anategemea nini?" aliuliza shangazi.

"Uungwana."

"Na amekaa anategemea miaka mingapi?"

"Kumi na moja."

"Maskini," alisema shangazi, na tangu hapo hakulalamika tena.

Bi Sekunde hakuwa mtu wa kukaa bure wakati kuna kosa la kutafutwa. Alimtuma karani kwenye makabati alete fomu ya kifo ya miaka miwili iliyopita, ile iliyojazwa kwa mkono. Fomu ikaja, ina vumbi. Aliisoma mara moja, akaiweka chini, akaivaa miwani aliyokuwa ameshaivaa, yaani akaisogeza tu puani, akaisoma tena. Fomu haikuwa na kosa. Sehemu ya marehemu iliandikwa jina la mke. Sehemu ya mtoa taarifa iliandikwa jina la mume, na ukingo wa karatasi ulikuwa na alama ya kidole cha rangi nyeupe. Aliyeyaingiza majina kwenye mashine ndiye aliyeyapindua: mtoa taarifa kamweka kwenye marehemu. Kila aliyeingiza jina aliacha chini ya fomu herufi mbili za mwanzo wa majina yake. Wiki ile karani alikuwa kwenye likizo ya uzazi, na kazi yake ilishikwa na mtu mwingine. Herufi mbili zile Bi Sekunde aliziona kila siku kwenye kikombe chake cha chai.

Namba ilikuwa imefika elfu moja na mia moja. Aliona aibu, aibu kavu ya mtu ambaye maisha yake yote amerudisha chenji za watu, kumbe hapo katikati alimwondoa mtu duniani na kwenda zake kunywa chai. Kisha akamkumbuka baba yake na zile redio.

"Kaka," alisema, "aliyekuua ni mimi."

Akaonyesha fomu, akaonyesha herufi, akaeleza. Mpaka rangi aliichukua ile karatasi, akaiangalia ile alama ya kidole chake muda mrefu kuliko alivyoziangalia zile herufi.

"Siku hiyo nilikuwa natoka kupaka ukuta wa shule," alisema. "Sikunawa. Nilikuja moja kwa moja." Akamrudishia karatasi. "Dada, umeniua siku moja na leo umekaa na mimi saa nzima. Tuendelee kusubiri."

Afisa wa ndoa alishuka saa sita kasorobo, daftari kwapani, saa ya mkononi mbele kama taa. Alikuja kusema kwamba anafunga. Alipokuta watu wote wameinama kwenye kioo kimoja, naye akainama, na baada ya muda akasikika akihesabu pamoja nao. Mia mbili na kumi, mia mbili na tisa. Karani alimpa kikombe cha chai, akakipokea bila kuondoa macho.

Sifuri ilipofika Kurunzi ikafunguka, ndogo na ya kijivu, na shangazi akauliza kama ndiyo hiyo tu. Bi Sekunde alikuwa kazini tayari. Alifungua ukurasa wa mpaka rangi katika programu ya ofisi, akaishika alama ya Kurunzi, akaiburuta polepole hadi juu ya kile kitufe kilichopauka, akaachia. Kurunzi ikataja jina la kitufe, ikamtaja mzazi wake, ikasema kimefungwa. Akaweka alama ya vema mahali palipoandikwa kiwezeshwe. Kitufe kikakolea weusi.

"Alah," alisema mpaka rangi, kwa sauti ya mtu wa fani. "Kumbe kilihitaji mkono mmoja tu wa rangi."

"Bonyeza mwenyewe, kaka."

Akabonyeza kwa kidole chenye kucha ya buluu. Programu ikaandika kwamba kifo kimebatilishwa. Watu wakashusha pumzi, bwana harusi akampigapiga mkwewe mgongoni, na afisa wa ndoa akaanza kuelekea mlangoni. Lakini dirisha jingine lilikuwa limefunguka. Lilisema kwamba taarifa hii ya kifo sasa haina marehemu, na kwamba jina la marehemu liandikwe. Bi Sekunde alikuwa na fomu mbele yake. Akaandika jina la mke, herufi moja moja, akihakiki kila moja. Programu ikaleta ukurasa wake: jina, tarehe ya kuzaliwa, jina la mwanawe, na chini kabisa, hali. Kisha ikauliza: kifo kithibitishwe? Ndiyo. Hapana.

Ilikuwa saa sita kasoro dakika tano. Mpaka rangi alikuwa ameisogeza shingo mbele.

"Hapo kwenye hali pameandikwaje?"

"Pameandikwa hai, kaka."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipokosea. Hakuna aliyewahi kumwandika vinginevyo."

"Kwa hiyo humu ndani, miaka hii miwili yote, yeye alikuwa hai na mimi ndiye niliyekufa." Akacheka kidogo puani. "Alikuwa akiniambia kila siku, kwa sigara zako hizo utanitangulia. Angefurahi kuliona hili." Binti yake alikuwa amemshika mkono wa koti na anaangalia kioo.

"Dada," mpaka rangi aliuliza, "ukibonyeza hiyo ndiyo, cheti cha huko juu kitaandikaje?"

"Kitaandika jina la mama, na kando yake marehemu."

"Na usipobonyeza?"

"Jina peke yake."

"Huwezi kutuacha wote wawili hai mpaka arusi iishe?"

Hakuna aliyethubutu kumsaidia Bi Sekunde. Mkuu, aliyekuwa mlangoni na faili la mkandarasi, aliangalia viatu vyake. Karani, anayemjua, alifumba macho, kwa maana alijua jibu. Bi Sekunde aliziangalia zile Ndiyo na Hapana. Hapana ingekuwa uongo, hilo halikuwa na mjadala, asingeligusa. Ndiyo ilikuwa kweli. Ila alimwonea huruma yule msichana, na yeye hakuwa amezoea huruma imwingilie katika kazi. Akafanya alilolijua. Aliichukua alama ya Kurunzi, akaiburuta hadi juu ya dirisha lile lenye swali, akaachia, akasoma habari zake zote toka mstari wa kwanza hadi wa mwisho: jina, mzazi, watoto wawili ambao ni vitufe vyake, hakuna cha tatu, hakuna saa ndani yake.

"Programu imeuliza," alisema hatimaye. "Haikusema ijibiwe saa ngapi."

"Maana yake nini?" aliuliza afisa wa ndoa.

"Maana yake, panda ukachape cheti. Swali nitalikalia mimi. Lakini, kaka, jibu nitalitaka leo hii, na utalitoa wewe."

"Nitakuja," alisema mpaka rangi.

Wakapanda, shangazi akiwa mbele na gauni likiburutwa sasa bila mtu kulijali. Walimwalika Bi Sekunde, akakataa, kwa kuwa mtu hawezi kulikalia swali akiwa ghorofa nyingine. Alikaa nalo. Mfagiaji alikuja kufuta meza, akaambiwa afute meza nyingine zote. Karani alitaka kuchapa barua moja tu, fupi, akaambiwa mashine ina shughuli. Mkuu alipita, akaliona lile dirisha, akasema, "Likibonyezwa kwa bahati mbaya?" na Bi Sekunde akasogeza kibodi hadi upande wa pili wa meza, ambako hata yeye mwenyewe hakuweza kuifikia. Kutoka juu vilisikika vigelegele, kisha viti vikiburutwa, kisha kimya.

Saa saba ikapita. Saa nane ikapita. Alianza kujiuliza kama mtu yeyote mwenye akili angerudi kujibu swali kama lile siku kama ile, na angefanyaje asiporudi. Kumbonyezea hakutaka. Kulizima hakuweza.

Saa tisa kasorobo mpaka rangi aliingia peke yake, amejifuta miguu, koti amelikunja mkononi.

"Imekwenda?"

"Imekwenda. Wametuandika mistari miwili, mimi juu, yeye chini, majina yetu tu. Nimetia sahihi mpaka afisa akaninyang'anya kalamu."

Bi Sekunde aliirudisha kibodi mahali pake, akainuka, akampisha kiti chake. Mpaka rangi akaketi, akausoma tena ule ukurasa wa mkewe, jina, tarehe, mtoto, hali, bila haraka, na Bi Sekunde, ambaye katika mambo yote ya dunia hii hakuna alilolijua vizuri kama kusubiri, alisimama dirishani akimpa mgongo. Ilipotimia saa tisa na dakika tano alisikia kipanya kikibofya mara moja.

Jioni, kabla ya kuzima mashine, alilifungua daftari la kazi za siku. Lilikuwa na mahali pa kueleza kila jambo lililochelewa na sababu yake. Aliandika kwamba swali moja la programu lilikaa saa tatu na dakika kumi bila kujibiwa. Kwenye sababu aliandika: arusi. Akatia zile herufi zake mbili, na mara hii akazihakiki.